Dakika Tisini za Mkataji

Nilianza kuuonea wivu mkasi wake, kisha nikamwonea wivu yeye mwenyewe. Ulikuwa mkasi mrefu wa chuma cheusi, mzito kama nyundo, na mpini wake aliuzungushia kipande cha kanga nyekundu ili baridi ya Tukuyu isimuume vidole asubuhi. Jioni aliufunga kwenye gazeti, akautia ndani ya koti, akaenda nao nyumbani. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mimi niliugusa mara moja, alipotoka kwenda msalani, nikaukuta bado una joto la mkono wake. Niliurudisha upesi kama mwizi.

Jina alikuwa nalo, ila wote tulimwita Mkataji, hata wateja. Sijui alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilimkuta pale karakana nilipoingia nina miaka kumi na minane, cheti changu cha darasa la saba kimekunjwa mfukoni, kichwani nina duka langu tayari. Duka hilo lilikuwa na kioo mbele na kibao chenye jina langu kwa rangi ya bluu. Kwa wakati ule kazi yangu ilikuwa kupinda mapindo. Kutwa nzima mapindo ya sketi za shule, sketi moja ikiisha nashika nyingine. Mkataji ndiye aliyenipa jina la Binti Pindo, na likanikaa mpaka mama yangu akalijua.

Karakana ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja kirefu cha mabati, cherehani saba na meza moja ya kukatia. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua hainyeshi, inaishi, mlikuwa mnaongea kwa mikono. Asiyejua ushonaji nimwambie kitu kimoja tu: ukikosea kushona unafumua, lakini ukikosea kukata kitambaa kimekufa. Ndiyo maana sisi wengine tulikalia viti vya mbao visivyo na migongo, na Mkataji alikuwa na kiti chake chenye mto, ingawa alikata kwa kusimama na hicho kiti hakukikalia hata siku moja. Alikiwekea koti lake. Mimi mgongo unaniuma, koti la mtu limekaa kwenye mto.

Mwenye karakana tulimwita Mama Bosi. Aliwahi kuwa karani kwenye shirika la umma. Mambo yalipobadilika, mashirika yakaanza kuuzwa na watu wakapunguzwa kazini, akapewa kiinua mgongo chake, akanunua cherehani. Wenzake walinunua marobota ya mitumba, kwa sababu milango ilikuwa imefunguliwa na nguo za nje zinaingia kama mafuriko. Mafundi wengi wa mjini walifunga. Yeye akafikiri: ndani ya robota hakuna sare ya shule ya kwetu. Akashika sare. Alikuwa mwanamke mwenye akili na moyo mzuri, nisimsingizie. Kaka wa Pasi, yule aliyekuwa akinyoosha nguo, alipougua mapafu, Mama Bosi ndiye aliyempeleka hospitali Igogwe na kukaa naye siku tatu.

Lakini mwaka wangu wa pili pale, Mama Bosi aliokoka, akaingia kwenye dhehebu linaloshika Jumamosi, na karakana nayo ikaokoka pamoja naye. Jumamosi tukafunga, Jumapili tukafungua. Kila siku saa moja na nusu asubuhi ikawa ibada, nusu saa kabla ya kazi. Na chai ikakatazwa. Chai na kahawa, alisema, ni kileo cha mwili. Saa nne tukaletewa uji. Hebu fikiria: mama yangu anachuma majani kwenye shamba la chai tangu kunakucha, mlima mzima kijani kitupu, na mimi bintiye nakatazwa kunywa. Kaka wa Pasi akasema afadhali tungezaliwa jangwani, tusingekuwa tunayaona kila siku dirishani.

Mkataji alikuwa Mwislamu, wa pekee mle ndani. Ibada ikianza alibaki mezani kwake, anapiga chaki taratibu. Hakununa, hakutoka nje kwa kishindo. Na hapa ndipo wivu wangu ulipopata chakula. Maana mimi niliimba. Baba yangu ni mzee wa kanisa la Jumapili, lakini niliimba nyimbo za Jumamosi kwa sauti mpaka mishipa ya shingo ikatoka, kwa sababu Mama Bosi alikuwa ametangaza kwamba walio wa nyumba moja naye ya imani watapewa barua ya ajira. Wote tulikuwa vibarua. Mwenye barua ana likizo, ana matibabu, na akijifungua hafukuzwi. Niliitaka ile barua kuliko kiatu. Sasa, siku moja wimbo ukatupotea katikati, kila mtu na njia yake, na kule mezani Mkataji akagonga mkasi juu ya mbao, taratibu, tok, tok, tok, mpaka tukaurudia mdundo. Mama Bosi akacheka na machozi.

"Mzee wangu," akamwambia, "wewe ungeimba ungetushinda wote."

"Mimi masikio tu ndiyo yamehudhuria, mama," akajibu.

Wote wakacheka. Mimi niliyehudhuria mzima mzima, na shingo yangu, hakuna aliyenitazama.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alipima nguo za watoto elfu bila kukosea, lakini koti lake mwenyewe alilifunga kifungo cha juu kwenye tundu la pili, kila siku, limekaa upande. Chaki aliifanyia ubahili mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi, kisha mtoto wa mteja akilia anampa boksi zima achezee. Hakukosa swala, na kwenye drafti alikuwa mwizi asiye na haya: ukigeuka kupiga chafya, kete yako imeondoka. Ukimshika anasema, "Nilitaka kuona kama uko macho." Na neno lake kubwa lilikuwa "pima tena". Ukimsalimia anaitika halafu anakwambia pima tena. Ukimwambia unaumwa kichwa, pima tena. Ukimletea habari za watu, anazisikiliza zote, kwa maana umbea aliupenda, halafu mwishoni anakwambia huyo aliyekusimulia akapime tena.

Nilimwomba anifundishe kukata. Alinipa magazeti. Nikadhani ni ya wiki moja. Nilikata magazeti mwaka mzima: makaptura ya magazeti, mashati ya magazeti, kola za magazeti zenye picha za mawaziri. Kila nikimwuliza lini kitambaa, anasema bado. Siku moja akaniambia, "Gazeti halina uso, Binti Pindo. Kitambaa kina uso na kina mgongo. Siku ukishika kaki, niulize kwanza." Nikaitikia, ila moyoni nikasema huyu babu anaogopa kunyang'anywa nafasi. Nilikuwa namtazama mkono unavyokwenda, mstari mmoja usiotikisika, na nilitamani ule mkono uwe wangu hata ikibidi yeye abaki bila mkono. Leo naandika hivi naona aibu, lakini ndivyo nilivyotamani.

Ijumaa zake sasa. Tangu mwanzo, kabla Mama Bosi hajaokoka, walikubaliana kwa mdomo: Ijumaa Mkataji anatoka saa sita na nusu, anarudi saa nane, na hizo dakika tisini atazifidia mwenyewe. Akapewa ufunguo. Kila Ijumaa alifungua saa kumi na mbili asubuhi, giza bado limeshikana na ukungu, akakata hadi saa moja na nusu wenzake wanapoingia kwenye ibada. Mimi nilijua kwa sababu mama alitoka alfajiri kwenda shambani na mimi sikupenda kushuka peke yangu baadaye, nikawa nashuka naye hadi mjini. Ijumaa ya kwanza niliona mwanga chini ya mlango. Nikagonga. Akafungua, akanitazama nilivyolowa, akaniambia nikae karibu na pasi.

Ile pasi ya mkaa ilipaswa kuwashwa mapema ili Kaka wa Pasi aikute imekolea. Mkataji aliuwasha mkaa, na kabla hajaufunga ndani ya pasi aliweka juu yake kopo la maziwa lenye maji. Maji yakichemka, anatoa mfukoni kifuko cha majani. Chai ya rangi, kali, sukari nyingi. Tulikunywa kwa zamu kwenye kifuniko. Tukimaliza alisuuza kopo kwa mchaichai ili chumba kinukie dawa. Tukanywa hivyo karibu mwaka, Ijumaa zote. Hakuna mahali nimewahi kuwa na raha kama pale, na hata pale, kifuniko kikiwa mkononi mwangu, nilikuwa nautazama mkasi.

Kilichovunja mambo ni ile barua. Mama Bosi alipata kazi kubwa ya sare za shule za Suma na kwingineko, akaona wakati wa kutimiza ahadi yake umefika. Akasema ametayarisha barua tatu, na moja, akanitazama, ni ya binti anayemwimbia Bwana kwa moyo. Nilikaribia kuruka. Mkataji akaweka chaki chini.

"Mama, hapa tuko tisa," akasema. "Barua ni ya kazi, si ya sala. Anayepiga pasi naye apewe, na wa vifungo apewe. Mimi nisiposali na wewe, kaptura si inavalika?"

Angejiombea yeye peke yake nisingekasirika. Alituombea wote. Kitu nilichokilipia kwa shingo yangu, na kwa mama yangu kukaa Jumapili nzima bila kunisemesha, yeye alitaka kigawiwe kama uji. Nilimchukia siku ile kwa wema wake.

Mama Bosi akasema atalipeleka kwenye maombi. Alikaa nalo siku kadhaa. Jumatatu, baada ya ibada, akatusimamisha wote, akasema jambo alilokuwa nalo moyoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli.

"Nilipopunguzwa kazini sikunyanyuliwa na serikali. Aliyeninyanyua ni Mungu, na hii nyumba nimemkabidhi. Sasa kila Ijumaa, katikati ya kazi yake, mezani hakuna mtu. Mzee anasema anafidia asubuhi. Mimi sijawahi kumwona. Nani kamwona?"

Mvua ilikuwa imepungua ghafla, kama nayo inataka kusikia. Nikakumbuka kifuniko cha kopo. Nikisema nilimwona, nitaulizwa na mimi nilikuwa nafanya nini, na chai itatoka, na barua itaondoka. Hivyo ndivyo ningependa kusema, kwamba niliogopa. Niliogopa, ni kweli. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kimejilaza, kinatazama meza ya kukatia na kuona iko wazi.

Nikanyamaza.

Mkataji hakunitazama. Angenitazama tu, ningesema, naamini ningesema. Alikuwa anakunja futi yake ya kupimia, taratibu, akaizungushia vidole viwili.

"Basi kaniona Mungu," akasema. "Ila najua kwa hapa saini yake haitoshi."

Aliambiwa achague Ijumaa au meza. Akavaa koti lake, upande kama kawaida, akaufunga mkasi kwenye gazeti. Ufunguo aliuweka juu ya ule mto wa kiti. Alipopita kwangu akasema, "Pima tena, mwanangu," na mpaka leo sijui kama alikuwa ananiaga au ananiambia kitu.

Nikapewa barua. Nikapewa na mkasi mpya, ulioletwa kutoka Mbeya, unang'aa. Kazi ya kwanza ilikuwa makaptura ya kaki. Nikatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, nikapiga chaki mstari ulionyooka kama wa Mkataji, nikakata, na moyo ukaimba. Mchana washonaji wakaanza kuunganisha, halafu wakasimamisha cherehani mmoja mmoja. Kaki ina uso: upande mmoja una mistari ya mshazari, mwingine umefifia. Mkataji alitandika uso kwa uso, tabaka moja limelala, jingine limefudikizwa, ili ukikata upate mguu wa kulia na wa kushoto. Mimi nilitandika yote uso juu, kama magazeti. Kaka wa Pasi akavichambua vipande, akavichambua tena.

"Hii ni shule gani, Binti Pindo," akaniuliza, "wanafunzi wote wana mguu wa kulia tu?"

Mama Bosi hakunifokea. Aliweka mikono juu ya lile rundo la miguu ya kulia, akaliombea, na mimi nililia, akadhani ni toba. Ilikuwa wivu. Hata baada ya kumwondoa, yule mzee alikuwa bado ameninyima mkono wake.

Miaka miwili nilikaa na barua yangu, nikajifunza kukata kwa kuua vitambaa. Kisha mdogo wangu akawa anapata kipaimara, Jumapili, kanisani kwetu, na baba alitaka watoto wote wakae benchi moja. Nikaenda kumwomba Mama Bosi asubuhi ile moja tu. Akasema Jumapili hapa ni siku ya kazi, mwanangu, na barua yako inasema hivyo. Nikamwambia nitafidia, nitakuja alfajiri siku nyingine, nitakata kabla watu hawajafika.

Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na nani atakuona?"

Nilikwenda kwenye kipaimara. Jumatatu nikarudisha barua na mkasi, mwenyewe, kabla sijaulizwa.

Mkataji nilimpata kijijini Masoko, nje ya mji. Nilikuwa nimesikia kwamba anakata nguo kwenye kibaraza cha duka la mwenzake, nikaenda kulala kwa shangazi huko ili nimwahi asubuhi. Sikuangalia kama ni Ijumaa, au labda niliangalia. Saa kumi na mbili migomba bado inadondosha umande, nikakuta mwanga wa kibatari na mtu ameinama. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote. Koti upande vilevile.

"Binti Pindo," akasema bila kuinua kichwa, "leo hujalowa."

Kopo lilikuwa juu ya mkaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, maneno mengi, na mengine nilikuwa nimeyaandika. Nilisema moja tu, kwamba mimi nilimwona, zile Ijumaa zote nilimwona. Akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari. Nautazama ule mkono, na nisiseme uongo, wivu ukanyanyua kichwa palepale, mzima, kama hatukuwahi kuachana.

"Najua uliniona," akasema. "Si tulikunywa wote?" Akanipa kifuniko.

Hatukulizungumza tena. Alitaka habari za mjini, nani kaoa, nani kafilisika, na kete zangu za drafti aliziiba mbili kabla jua halijatoka. Nikamweleza miguu ya kulia. Alicheka mpaka akakaa chini, na ndiyo mara ya kwanza kumwona amekaa. Kisha akatandika kaki mbele yangu, uso kwa uso, taratibu, tabaka moja, jingine, akanifanya niguse kwa kidole mistari ya mshazari nikiwa nimefumba macho.

Ilipofika saa sita na nusu akanawa miguu kwenye beseni, akavaa kofia yake. Mkasi haukurudi kwenye gazeti. Aliuacha mezani, mpini wenye kanga umenielekea.

"Nishikie hapa," akasema. "Narudi saa nane. Kata, lakini pima tena."

Nikabaki. Nilikuwa bado sijaunyanyua alipokuja mama mmoja mtu mzima, kikapu kichwani, anafuata kaptura ya mjukuu. Akanisalimia kwa Kinyakyusa, nikaitika. Akatazama meza, akatazama njia, akauliza yule mzee yuko wapi, mbona kazi ya watu kaiacha mchana kweupe.

"Amekwenda kuswali," nikasema. Nikasikia sauti yangu imepanda, kama zamani kwenye nyimbo. "Lakini alifika hapa saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilimwona. Nilikuwepo."

Yule mama akatua kikapu, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kwani nani kakuuliza alifika saa ngapi?"

Nikashika mkasi. Ulikuwa bado una joto.